Kuacha ni Siku Moja, Kukaa Umeacha ni Kazi Nyingine

Kuna swali moja ambalo sisi watu wa mjini tunalipenda sana, na kila nikilisikia linanikera: "Si alishaacha huyu?" Tunaliuliza kuhusu jirani aliyekuwa teja, kuhusu mjomba aliyekuwa hatoki kilabuni, kuhusu yule msanii ambaye jina lake sina haja ya kulitaja. Mtu kakaa miezi minane bila kugusa kitu, kanenepa, ngozi imerudi, kaanza na kazi. Halafu siku moja anaonekana tena maskani, anasinzia huku kasimama. Hapo ndipo swali linapotoka. Na ukilisikiliza vizuri utagundua kwamba halisubiri jibu. Ni hukumu. Maana yake ni kwamba alikuwa anatudanganya, hakuwa na nia, basi tumwache.

Leo nataka tuzungumze historia kidogo. Sina maana ya historia ya unga, nani aliuingiza na kwa meli gani. Hiyo inauza magazeti na imeandikwa sana. Mimi nataka historia ambayo haiandikwi kwa lugha yetu: ya watu waliojaribu kukaa bila kulewa, siku baada ya siku, na ya waliojaribu kuwasaidia. Ni hadithi ya karibu miaka 200. Imejaa watu wa ajabu, na mwisho wake uko hapa hapa kwetu, kwa hiyo naomba uvumilivu.

Tuanzie Baltimore, Marekani, Aprili 1840. Marafiki 6 walikuwa na kawaida ya kukutana baa, kwa bwana mmoja aliyeitwa Chase. Hawakuwa wasomi wala wachungaji. Walikuwa mafundi: miongoni mwao mshonaji, seremala, sonara, mhunzi. Mjini kulikuwa na mhadhara wa kupinga pombe, wakawatuma wenzao wachache wakausikilize, nusu kwa utani. Waliporudi ukazuka mjadala, na mjadala ukaishia kwenye jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wote 6 walitia saini ahadi ya kutokunywa tena. Chama chao wakakiita kwa jina la George Washington, ndiyo maana wanajulikana kama Washingtonians.

Kabla yao ulevi ulikuwa umeshaitwa ugonjwa. Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia, mmoja wa waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliandika hivyo tangu 1784. Lakini Rush alikuwa daktari anayewatazama walevi kutoka nje. Hawa 6 walifanya jambo jipya. Kila wiki walikutana, na badala ya kuhutubiwa na mtu ambaye hajawahi kulala mtaroni, mlevi mwenyewe alisimama akasimulia: nilikuwa hivi, nikafika hapa, leo niko hivi. Wengine waliokuwa bado wananuka pombe walikaa nyuma wakisikiliza. Katika miaka michache maelfu kwa maelfu walitia saini ahadi hiyo.

Tarehe 22 Februari 1842, katika mji wa Springfield, Illinois, mwanasheria kijana wa miaka 33 alialikwa kuhutubia mkutano wao. Aliitwa Abraham Lincoln. Hoja yake iliwaudhi baadhi ya watu wa kanisa. Alisema kwa miaka mingi walevi wamekuwa wakilaaniwa na kutishwa, na haikusaidia kitu, kwa sababu mtu hasikilizi anayemtukana. Akaongeza kwamba wengi wa wasiokunywa hawana ubora wowote wa akili au moyo kuwazidi walevi. Ni vile tu hawakuwa na ile kiu. Hebu fikiria, ni 1842 hiyo! Leo hii, ndani ya daladala za Dar es Salaam au matatu za Mombasa, ukisema maneno hayo kuhusu teja utaulizwa kama na wewe unabwia.

Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1840 chama kile kilikuwa kimekwisha. Sababu ni nyingi. Waliingia kwenye malumbano ya siasa, kama pombe ipigwe marufuku kwa sheria au la. Baadhi ya wasemaji wao maarufu walianguka hadharani. Na jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: walikuwa na dawa ya siku ya kwanza, hawakuwa na dawa ya siku ya mia tatu. Ahadi ni sherehe. Unatia saini, unapigiwa makofi, unarudi nyumbani. Halafu?

Swali hilo la "halafu" lilisubiri karibu miaka 100.

Mei 1935, mtu mmoja wa New York, Bill Wilson, dalali wa hisa aliyefilisiwa na pombe, alikuwa mji wa Akron, Ohio. Alikuwa na umri wa miaka 39 na miezi mitano tu bila pombe. Alikwenda kwa ajili ya biashara, biashara ikaharibika, wenzake wakarudi kwao, akabaki peke yake hotelini Jumamosi jioni, hela hana, hasira anazo. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili kulikuwa na simu, na orodha ya makanisa ya mji.

Alikwenda kwenye simu. Alimpigia mchungaji asiyemjua akamweleza kwamba anatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Si wa kumwokoa, naomba ulisome hili vizuri. Alikuwa anatafuta mlevi ili yeye mwenyewe asinywe usiku ule. Simu moja ikazaa nyingine, na kesho yake akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, mwenye miaka 55, ambaye mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka wagonjwa wanamwogopa. Dk. Smith alikubali kwa masharti: dakika 15 tu, alishachoka kuhubiriwa. Walikaa masaa sita. Wilson hakumhubiria. Alisimulia yake.

Mnaopenda hadithi zenye mwisho mzuri mtasema basi, daktari akapona. La hasha! Wiki chache baadaye Dk. Smith alipanda treni kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akaanza kunywa humo humo safarini, akapotea kwa siku kadhaa. Akarudi hoi, na alikuwa na mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji. Wilson na mke wa daktari walimtunza mpaka akili zikakaa sawa. Na hapa kuna jambo dogo nalipenda sana: walimlisha nyanya, kabichi iliyochachushwa na sharubati ya mahindi, wakiamini mwili ule umeishiwa. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935, kabla hajaingia chumba cha upasuaji, Wilson alimpa chupa moja ya bia ili mkono utulie. Ndiyo ilikuwa ya mwisho. Dk. Smith hakunywa tena hadi alipofariki 1950, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama cha Alcoholics Anonymous, AA.

Kwa lugha nyingine, chama kikubwa kuliko vyote duniani cha watu waliotoka kwenye ulevi kimezaliwa siku chache baada ya mmoja wa waasisi wake "kurudia". Kama Wilson angeuliza lile swali letu, "si ulishaacha wewe?", akabeba begi lake akarudi New York, AA isingekuwepo.

Waliyoyajua wawili hawa na ambayo wale mafundi wa Baltimore hawakuyajenga ni utaratibu wa kila siku. Usiahidi maisha, ahidi leo. Njoo mkutanoni, hata kama huna la kusema. Kuwa na mtu mmoja wa kumpigia simu kabla hujanywa, si baada. Na ukishasimama, msaidie aliye nyuma yako. Wakaamua pia kwamba chama kisiwe na msimamo wa siasa na majina yasitajwe, ili mtu akianguka asianguke na chama. Mwaka 1939 walichapa kitabu chenye hatua 12. Mwaka huo huo, mtawa mmoja, Sista Ignatia wa hospitali ya St. Thomas pale Akron, alianza kuwalaza walevi wodini, wakati hospitali nyingi zilikuwa hazitaki hata kuwaona mlangoni. Ili apate kitanda aliandika kwamba mgonjwa ana matatizo ya tumbo.

Na sisi waandishi tuna mchango wetu. Jack Alexander, mwandishi wa Saturday Evening Post, alikwenda kuwachunguza akiamini ni matapeli. Alikaa nao, akahudhuria mikutano, akabadili mawazo. Makala yake ilitoka tarehe 1 Machi 1941, na mwaka ule wanachama waliongezeka kutoka kama 2,000 hadi kama 8,000. Makala moja tu! Kila nikiona picha ya teja aliyelala barazani ikiwekwa ukurasa wa mbele ili tucheke, namkumbuka huyu bwana.

Je, AA inafanya kazi kweli? Kwa muda mrefu wanasayansi waliguna. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa Cochrane uliojumlisha tafiti 27 na washiriki zaidi ya 10,000, na matokeo yake ni kwamba tiba inayomwingiza mtu kwenye AA inafanya vizuri sawa na tiba nyingine, na kwa upande wa kukaa bila kunywa kabisa mara nyingi inazizidi. Basi wazee wa Akron hawakuwa wanaota.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Wilson hakugusa pombe tena tangu Desemba 1934, lakini sigara ilimshinda, mapafu yakafa, naye akafariki Januari 1971 akiwa anapumua kwa shida. Kukaa bila kulewa na kuwa na afya si kitu kimoja. Mwili unadai yake.

Na si kila nyumba ya kuacha ulevi ni nyumba ya kupona. Mwaka 1958, huko California, mwanachama mmoja wa AA aliyeitwa Charles Dederich alianzisha Synanon, mahali ambapo waathirika wa heroini waliishi pamoja na kusemana ukweli kwa ukali, kupigiana kelele usiku kucha. Mwanzoni wakubwa walikuja kusifia, magazeti yakasifia. Pole pole ikawa dini ya mtu mmoja. Watu waliambiwa wasiondoke kamwe. Mwaka 1978 wafuasi waliweka nyoka mwenye sumu kwenye sanduku la barua la mwanasheria aliyewashitaki, na polisi walipomkamata Dederich mwaka huo huo walimkuta amelewa. Nalitaja hili kwa sababu nyumba zinaongezeka huku kwetu, na mzazi aliyechoka hapendi kuuliza maswali mengi. Uliza. Anakula nini? Kuna mganga wa kweli? Akitaka kuondoka, mlango unafunguka?

Haya, tuje kwenye unga wenyewe.

Mwaka 1971 Marekani iliingiwa na hofu kubwa. Askari wake kule Vietnam walikuwa wanatumia heroini kama sigara, bei ya kutupa na safi kabisa. Serikali ikaogopa: vijana hawa wakirudi nyumbani itakuwaje? Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Lee Robins, alipewa kazi ya kuwafuatilia. Aligundua kwamba karibu askari 1 kati ya 5 alikuwa ameshakuwa mtumwa wa dawa kule. Halafu akawatafuta mwaka mmoja baada ya kurudi. Kati ya wale waliokuwa watumwa, waliorudia utumwa huo walikuwa kama asilimia 5 tu. Baada ya miaka mitatu, asilimia 12. Watu hawakuamini, wakadhani mama yule kakosea hesabu.

Hakukosea. Askari alirudi mahali ambapo hakuna vita, hakuna wale wenzake wa kuvuta nao, hakuna muuzaji nje ya kambi, na kuna mama, mke, kazi, mtaa aliokulia bila unga. Sasa geuza picha. Kijana wetu wa Kinondoni au wa Majengo anapelekwa nyumba ya kupata nafuu miezi sita, anatoka safi, na anarudi wapi? Chumba kile kile, maskani ile ile, muuzaji yule yule anayemwita kwa jina. Askari wa Vietnam aliiacha Vietnam nyuma. Kijana wetu tunamrudisha Vietnam, kisha tunamwuliza "si ulishaacha?"

Miaka michache kabla ya hapo, 1964, madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, walianza kujaribu dawa iliyobuniwa na Wajerumani kwa ajili ya maumivu. Ni methadoni. Ukinywa dozi moja inakaa mwilini siku nzima na zaidi. Arosto inakatika, na kwa dozi iliyopimwa sawasawa mtu halewi. Matokeo ya wagonjwa wao 22 wa kwanza yalichapishwa 1965. Watu waliokuwa wanazunguka mjini kutafuta pesa ya kete walianza kurudi shule na kazini.

Zikaanza kelele ambazo zipo mpaka leo: huko si kuacha, ni kubadili unga kwa unga. Basi nikupe kipande cha historia ambacho wapiga kelele hawakijui. Dk. Dole huyu alikaribishwa kuwa mjumbe wa bodi ya AA. Mwanzoni yeye mwenyewe alishangaa, wa nini yeye na madawa yake? Na ameandika kwamba katika miaka ya mwisho ya uhai wake, Bill Wilson alimwomba atafute dawa itakayowafanyia walevi kile ambacho methadoni inawafanyia wa heroini, kwa sababu aliwaona wengi wanakuja mikutanoni, wanajaribu kwa moyo wote, na bado wanaanguka. Mzee wa mikutano mwenyewe hakuona aibu kuomba dawa!

Kwetu mambo haya yalifika kwa kuchelewa. Heroini ilikuwa pwani tangu miaka ya 1980, kwanza ya kuvuta, baadaye sindano, na sindano ikaja na Ukimwi na homa ya ini. Zanzibar, kuanzia 2009, waathirika waliopata nafuu walianza kufungua soba hausi kwa kufuata zile hatua 12 za akina Wilson, na ndani ya mji wa Kiislamu zikaeleweka bila taabu, maana toba na kumtegemea Mungu si mambo mageni pale. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, zikafuata Mwananyamala, Temeke na nyingine. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Ukipita asubuhi kwenye kliniki hizo utaona watu wamepanga foleni, kila mmoja anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaaga, anakwenda kwenye shughuli zake. Kila siku, Jumapili ndani, mvua ndani.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema jambo linaloniuma. Kwenye ukoo wetu yupo kijana mmoja, mtoto wa mama mdogo, aliye kwenye methadoni mwaka wa tatu sasa. Anafanya kazi gereji, anamlipia mdogo wake ada. Juzi wazee waliitisha kikao. Posa imepelekwa, na baba mkubwa akasema haiwezekani bwana harusi awe mtu wa kupanga foleni ya dawa. Akataka kijana aache ndani ya mwezi, "awe mwanaume". Wengi wakaitikia. Kijana akainamisha kichwa akasema, "Sawa baba, kama mnavyoona."

Nilinyoosha mkono nikawapa hesabu moja, na nakupa na wewe. Mwili uliokaa bila heroini unasahau. Kipimo alichokizoea zamani, leo kinamuua. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watu 30,237 waliotoka magerezani katika jimbo la Washington kati ya 1999 na 2003. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari yao ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya raia wengine. Walikuwa "wameshaacha" hao, tena kwa lazima. Anayekatiza methadoni kwa haraka naye anaingia kwenye hatari ya namna hiyo hiyo. Kupunguza dozi kunawezekana, lakini ni kwa mwendo wa mgonjwa na daktari wake. Kikao cha ukoo hakina mizani ya kupimia dozi. Baba mkubwa hakufurahi. Lakini mama mdogo aliomba karatasi akaandika ile namba, na mpaka leo kijana anakwenda kliniki.

Ukinipa miaka hii yote nikuchemshie chungu kimoja, nitakuambia hivi. Mwenye kukaa bila kulewa anahitaji chakula cha kweli na kwa wakati, maana njaa inafanana sana na hamu ya unga na mtu huchanganya. Anahitaji usingizi, ambao unaweza kusumbua kwa miezi. Achunguzwe kifua, ini na damu, atibiwe. Awe na mtu wa kumpigia simu saa tano usiku. Apate kazi au kitu cha kuamkia, na ikiwezekana njia ya kurudi nyumbani isiyopita maskani. Akiwa kwenye dawa, aachwe anywe dawa yake kama mwenye kisukari au presha anavyoachwa. Na akiteleza, arudishwe haraka kabla aibu haijamficha, kwa sababu aliyejificha hatafutwi, na kete anayoibwia peke yake chooni inaweza kuwa ya mwisho.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mchawi. Vingi viko ndani ya uwezo wa familia yenye sufuria, kitanda na ulimi uliofungwa breki. Kwenu mnafanyaje? Nani mmoja wenu anapokea ile simu ya saa tano usiku? Hebu tuelezane.